Ni Redio Ndio Imesema



Katika Kiswahili chetu cha huku Kongo kuna maneno yanayofunga kila ubishi: "Ni redio ndio imesema." Mtu akiisha kusema hivyo, wengine wananyamaza. Siku hizi vijana wanasema "Iko mu WhatsApp," lakini tabia ni ileile. Tunachukua neno kwa sauti ambayo hatuoni uso wake, tunalipeleka nyumbani kama vile tumeliona kwa macho yetu.

Kwa mtu ambaye hajawahi kutoka kijijini kwake, habari ni jambo la kuzungumza jioni. Kwa mtu aliyekimbia, habari ni jambo la kufa na kupona. Ni habari iliyotufanya tufunge mizigo mwaka 1996, na tena 1998, tukavuka Ziwa Tanganyika. Ni habari iliyotufanya, tangu mwaka 2005, tuandikishe majina yetu kambini Lugufu na Nyarugusu ili turudishwe Baraka kwa meli. Na hata leo, masasi yakilia upande wa mlima, swali la kwanza ni lilelile: nani amesema, na amejua kupitia wapi?

Kwa hiyo mara hii ninawaomba tupitie pamoja historia ya redio katika inchi yetu: nani alishika mikrofoni, alifanya nayo nini, na sisi wasikilizaji tulifanya nini na maneno tuliyopewa.

KIPAZA SAUTI CHA MZUNGU

Mwezi wa Mei 1940 Ujerumani iliivamia Ubelgiji. Serikali ya Ubelgiji ilikimbia, mwisho ikafika London, na koloni ikabaki mbali na wakubwa wake. Mwaka huohuo Radio Congo Belge ilianza kusema kutoka Léopoldville, Kinshasa ya leo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwapa moyo Wabelgiji wakati wa vita. Mwafrika hakuwa msikilizaji aliyefikiriwa. Vipindi vya Waafrika, katika lugha zetu, vilikuja kupangwa mwaka 1949.

Mashini ya redio ilikuwa mali ya wachache. Katika cité, watu walisikia kupitia vipaza sauti vilivyofungwa mahali pa kukusanyika. Wazee wanajua maana ya jambo hilo. Kipaza sauti hakina kifungo cha kubadilisha stesheni. Huwezi kukizima, huwezi kukijibu. Kinakueleza namna ya kuosha mtoto, kinakupigia muziki, kinakupa habari ambazo serikali inataka uzijue, basi. Hiyo ndiyo redio ambayo baba zetu walianza nayo: sauti inatoka juu, watu wako chini wanasikiliza.

Kilichovunja mpango huo ni kitu kidogo: redio ya transista, inayotumia mabuye ya stima. Ilipoanza kufika mwishoni mwa miaka ya 1950, mtu aliweza kukaa nyumbani kwake, bila umeme, akatafuta mwenyewe sauti anayoitaka. Na ng'ambo ya mto Kongo kulikuwa na sauti nyingine, Radio Brazzaville, ambayo Wafaransa walikuwa wameiimarisha tangu vita.

Tarehe 24 Agosti 1958 Jenerali de Gaulle alifika Brazzaville, akawaambia Waafrika wa koloni za Ufaransa kwamba anayetaka uhuru ataweza kuuchukua. Maneno yale hayakusemwa kwa Wakongomani wa Wabelgiji. Lakini mto hauzuii sauti. Siku mbili baadaye, tarehe 26 Agosti, kundi la Wakongomani waliosoma, Patrice Lumumba akiwa kati yao, walimpelekea waziri wa makoloni barua ya kuuliza juu ya siku ya uhuru. Tarehe 4 Januari 1959 vurugu ikawaka Léopoldville. Tarehe 13 Januari, siku tisa tu baadaye, mfalme Baudouin alitumia redio kuwatangazia watu kwamba Kongo itapelekwa kwenye uhuru. Angalieni mwendo huo: sauti iliyojengwa kwa kuamuru sasa inatumika kujibu, sababu watu wameanza kuuliza.

MIKROFONI MOJA, WAKUBWA WAWILI

Mwanzoni mwa mwaka 1960 wanasiasa wetu walikutana na Wabelgiji kwenye Meza ya Duara kule Brussels. Joseph Kabasele na African Jazz walikuwa huko pia, na huko ndiko "Indépendance Cha Cha" ilitokea. Wimbo ule ulitaja vyama na viongozi mbalimbali pamoja, kama watu wa nyumba moja. Redio ikaupeleka kila mahali, hata nje ya Kongo, ukawa wimbo wa uhuru wa Afrika nzima. Watu wengi walicheza uhuru kabla ya kuuona.

Ilipofika tarehe 30 Juni 1960, hotuba ya Lumumba mbele ya mfalme ilisikika katika redio palepale alipokuwa akiisema. Nguvu ya hotuba ile ilitoka upande mmoja katika jambo hilo. Kama ingesemwa katika chumba kilichofungwa, ingebaki ugomvi kati ya wakubwa. Kwa kuwa redio ilikuwa inasikilizwa, ikawa neno la inchi nzima, na hakuna aliyeweza tena kulirudisha mdomoni.

Kisha ikaja tarehe 5 Septemba 1960. Jioni hiyo rais Joseph Kasa-Vubu aliingia katika redio ya Léopoldville akatangaza kwamba amemwondoa Lumumba kwenye kazi ya waziri mkuu. Muda mfupi baadaye Lumumba naye akafika kwenye redio ileile, akasema Kasa-Vubu si rais tena. Msikilizaji wa Stanleyville, wa Bukavu au wa Luluabourg alisikia usiku mmoja, katika stesheni moja, kwamba inchi haina waziri mkuu na kwamba haina rais.

Kesho yake Umoja wa Mataifa ukaifunga redio, eti kuzuia vurugu. Lakini kufunga mlango mmoja hakukuwa sawa kwa wote wawili. Kasa-Vubu alikuwa na marafiki ng'ambo, akaweza kutumia Radio Brazzaville. Lumumba, ambaye nguvu yake kubwa ilikuwa ulimi wake, alikatwa sauti. Tarehe 14 Septemba kanali Mobutu akatangaza kwenye redio kwamba anawaweka wanasiasa kando. Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961 huko Katanga, na watu waliambiwa kifo chake karibu mwezi mzima baadaye, tarehe 13 Februari, tena kwa hadithi ya uongo kwamba alitoroka na kuuawa na wanakijiji.

Hapo tunapata somo la kwanza. Anayesema kwamba kufunga redio ni kutuliza watu, aulizwe: ni nani amebaki na redio nyingine?

MTU ALIYESHUKA KUTOKA MAWINGUNI

Mobutu alielewa somo hilo kuliko wote. Alipochukua utawala tarehe 24 Novemba 1965, inchi ilipata habari kupitia redio. Mwaka uliofuata televisheni ya taifa ikaanza. Mwaka 1967 akaunda MPR, na tarehe 27 Oktoba 1971 inchi ikapewa jina Zaire. Redio na televisheni vikawa La Voix du Zaïre, Sauti ya Zaire. Wengi wetu tunakumbuka picha iliyofungua habari za jioni: uso wa Mobutu ukitokea katika mawingu, ukitukaribia kidogo kidogo. Hakuna mtu aliyesema "Huyu ni Mungu." Haikuwa lazima kusema.

Wakati ule redio haikutoa habari tu, ilibadilisha maisha ya nyumbani. Ni kupitia redio tulijifunza kuacha majina ya ubatizo ya kizungu, kuitana "citoyen" na "citoyenne", kuvaa abacost na kuacha kravati. Wanafunzi na wafanyakazi walicheza animasio, na nyimbo za kumsifu kiongozi ziliingia masikioni mpaka watoto waliziimba wakichota maji. Hata Franco, fundi mkubwa wa gita ambaye serikali hiyohiyo iliwahi kumfunga, alitoa mwaka 1984 wimbo wa kumpigia Mobutu kampeni.

Lakini tusiseme kwamba ilikuwa propaganda tupu. Redio ya taifa ilisema kwa Kifaransa na kwa lugha nne: Kilingala, Kiswahili, Kikongo na Tshiluba. Mama wa Kalemie au wa Kasongo aliyesikia habari za inchi katika lugha anayoota nayo alijiona naye yumo. Kilingala, ambacho huku mashariki kilikuja na wanajeshi, kilikubalika zaidi kilipokuja na muziki. Vijana wa Uvira waliimba maneno ambayo hawakuyaelewa yote, na kwa njia hiyo wakawa watu wa inchi moja na vijana wa Kinshasa.

Kiswahili nacho kilipata nguvu yake. Kule Lubumbashi kundi la Mufwankolo lilichukua Kiswahili cha mtaani, kile cha migodi na cha masoko, likakiingiza katika michezo ya kuigiza ya redio, na baadaye ya televisheni. Watu walikuwa wamezoea redio yenye Kiswahili cha kuvaa suti. Sasa wakasikia majirani wao: mlevi, bwana mwenye wake wawili, mfanyakazi asiyelipwa. Walicheka, na katika kucheka walijadili mambo ambayo hayakuweza kusemwa katika mkutano wa chama. Kitu kilekile kilichobeba sifa za mkubwa kilibeba pia kicheko cha mdogo.

Na pembeni ya hayo yote kulikuwa na radio trottoir, redio ya barabarani. Serikali ilipoficha bei, magonjwa na ugomvi wa wakubwa, watu walijitengenezea habari zao: sokoni, kwenye bandari, ndani ya lori. Mara nyingi ilikuwa na chembe ya kweli, mara nyingi ilizidisha. Wengine walitega sikio kwenye mawimbi mafupi, BBC iliyokuwa na Kiswahili tangu 1957, Deutsche Welle tangu 1963. Hadi leo Mkongomani mzima akisikia habari kubwa anafanya hesabu hii: redio ya taifa inasema nini, ya nje inasema nini, barabara inasema nini. Tabia hiyo tuliipata kwa njaa ya habari, wakati ule.

Ilionekana wazi Januari 2001. Rais Laurent-Désiré Kabila alipigwa risasi tarehe 16. Redio za nje zilisema amekufa, serikali ikasema ni majeruhi tu, na kifo kikatangazwa rasmi tarehe 18. Siku zile mbili barabara ilikuwa na mamlaka kuliko serikali.

WATU WALIPOISIKIA INCHI IKIJISEMEA

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na watu walimwona machozi yakimlenga katika televisheni. Uso ulioshuka kutoka mawinguni ulionekana kuwa uso wa mtu.

Kisha ukafunguliwa Mkutano Mkuu wa Taifa, mwaka 1991, Palais du Peuple, Kinshasa. Mijadala yake ilipitishwa redioni na kwenye televisheni. Kwa mara ya kwanza watu wa kawaida walisikia wakubwa wakiulizwa juu ya mauaji, juu ya pesa, juu ya kifo cha Lumumba. Mtaa mzima ulikusanyika kwenye nyumba yenye televisheni. Waziri mkuu Nguz Karl-i-Bond alipousimamisha mkutano ule Januari 1992, watu walikuwa wamekwisha kuonja. Tarehe 16 Februari 1992 Wakristo walitoka katika makanisa ya Kinshasa wakaandamana kudai ufunguliwe tena, na wengi wakauawa na wanajeshi. Mkutano ulifunguliwa tena Aprili. Watu hao walitoa damu kwa jambo ambalo miaka mitano kabla hawangelidai: haki ya kusikia.

Huku kwetu Kivu, mwaka 1993, mashirika ya maendeleo ya Bukavu yalianzisha Radio Maendeleo. Ilitoa nafasi kwa mkulima kusema juu ya mihogo yake na juu ya kodi anazotozwa njiani. Mwaka 1999 waasi wa RCD waliokuwa wanatawala Bukavu waliifunga. Mwenye bunduki hakuogopa matangazo ya mihogo. Aliogopa watu waliozoea kuuliza.

MANENO YALIYOTANGULIA MAPANGA

Sasa tufike pale pagumu. Mwaka 1993 Rwanda ilianza kusikia RTLM. Vijana waliipenda: muziki mzuri, nyingi yake ya Kongo yetu, watangazaji wenye mzaha. Kidogo kidogo mzaha ukaanza kuwaita majirani wadudu. Mauaji ya kimbari yalipoanza Aprili 1994, redio ile ikafikia kutaja watu kwa majina na mahali walipo, na wauaji kwenye vizuizi walikuwa na transista pembeni. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya kimataifa kule Arusha iliwahukumu Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, wakubwa wa redio ile, pamoja na Hassan Ngeze, mwenye gazeti la Kangura. Katika rufaa ya mwaka 2007 vifungo vilipunguzwa, lakini vilibaki miaka 30, 32 na 35. Dunia iliweka alama: mtu anaweza kuhukumiwa kwa maneno yake hata kama hakushika panga.

Redio peke yake haikuua. Kulikuwa na jeshi, kulikuwa na Interahamwe, kulikuwa na wakubwa wa mitaa waliotoa amri. Lakini redio ilifanya kazi mbili ambazo panga haliwezi: iliwafanya watu waone kwamba kuua jirani ni jambo la kawaida, na iliwafanya waone kwamba wote wamekubali.

Hatuwezi kusema kwamba hayo ni ya Rwanda tu. Oktoba 1996, mkubwa wa serikali katika jimbo letu la Kivu ya Kusini aliwatangazia Banyamulenge kwamba wana wiki moja ya kuondoka. Agosti 1998, vita ya pili ilipoanza, redio ya Bunia ilitoa wito kwa watu wachukue mapanga, mikuki na mishale dhidi ya Watutsi. Sitarudia maneno zaidi. Yanatosha kutaja ili tujue kwamba sumu hii haina kabila moja. Kila upande wa milima yetu umewahi kuitwa "mgeni" na upande mwingine, na kila upande una wazee na watoto waliozikwa kwa sababu ya neno hilo. Chama chetu kina watu waliokimbia pamoja na watu waliokimbiana. Kama hatuwezi kuliandika jambo hili katika karatasi yetu wenyewe, tutaliandika wapi?

Lakini historia hiyohiyo ina upande mwingine. Mwaka 1994 BBC ilianzisha kipindi cha Kinyarwanda na Kirundi kinachoitwa Gahuzamiryango, kiunganishi cha familia, ambacho kilisoma majina ya watu waliopoteana. Agosti ya mwaka huo, Bukavu, ilianza Radio Agatashya, maana yake mbayuwayu, kwa ajili ya wakimbizi na wenyeji. Haikujibu chuki kwa chuki. Ilisema mahali pa kupata maji, hali ya njia, nani anamtafuta nani. Vita ya 1996 iliinyamazisha. Lakini watu wake walikuwa wamejifunza kitu, na tutakiona hapo chini.

KAMBINI NA KURUDI

Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Sisi tuliopita huko, au Lugufu, tunakumbuka njaa ya habari kuliko njaa ya mahindi. Mahindi yalikuwa na siku yake. Habari haikuwa na siku. Watu walipeleka barua za Msalaba Mwekundu, wakangoja miezi. Kila aliyefika mpya alizungukwa. Transista ilikuwa mali ya familia tano au sita.

Radio Kwizera, iliyoanzishwa na Wajesuiti wa JRS mwaka 1995 kule Ngara, Tanzania, ilikuwa na jambo la pekee: ilisema na mkimbizi pamoja na mwenyeji. Mkimbizi akisikiliza peke yake, anaambiwa habari za msaada. Mwenyeji akisikiliza peke yake, anaambiwa kwamba wakimbizi wanakata kuni zake. Wakisikiliza pamoja, kila mmoja anasikia shida ya mwenzake.

Wakati wa kurudi ulipofika, vipeperushi vilisema Fizi kumetulia. Barabara ya kambi ilisema anayerudi atauawa, na kwamba shamba lake limechukuliwa. Zote mbili zilikuwa na kweli ndani yake. Vijiji vingi vilikuwa vimetulia, na mashamba mengi yalikuwa na watu wengine ndani. Waliorudi vizuri ni wale waliotafuta sauti ya tatu: ndugu aliyetangulia, mzee wa kanisa, shefu wa kijiji anayejua mipaka. Mwaka 2009 Lugufu ilifungwa, na waliobaki wakapelekwa Nyarugusu. Swali la nani wa kuamini lilirudi nyumbani pamoja nasi, ndani ya kila ugomvi wa shamba.

REDIO ILIYOVUKA MSTARI WA VITA

Tarehe 25 Februari 2002, siku mazungumzo ya Wakongomani yalipofunguliwa Sun City, Afrika Kusini, Radio Okapi ilianza. Iliundwa na MONUC pamoja na Fondation Hirondelle, na hao wa Hirondelle ndio waleee wa mbayuwayu wa Bukavu. Inchi ilikuwa imekatwa vipande. Mtu wa Goma hakuweza kwenda Kinshasa kwa urahisi, na kila upande ulikuwa na redio yake ya kusifu mkubwa wake. Okapi ilisema habari moja kwa wote, katika Kifaransa na lugha nne za taifa. Ilikuwa kama mtu kuweka tena kitambaa kimoja mezani.

Waandishi walilipa kwa maisha yao. Serge Maheshe wa Okapi aliuawa Bukavu tarehe 13 Juni 2007. Mwenzake Didace Namujimbo aliuawa mjini humohumo tarehe 21 Novemba 2008. Tunapolalamika kwamba "waandishi ni waongo wote", tuwakumbuke hao wawili.

SIMU MFUKONI

Leo kila kijana ana stesheni yake mfukoni. Kuna faida kubwa: mwanachama aliye Nyarugusu, aliye Bujumbura na aliye Kanada wanasikia habari ya kifo au ya arusi dakika ileile. Serikali nayo inajua nguvu ya simu. Januari 2015, watu walipoandamana Kinshasa juu ya sheria ya uchaguzi, intaneti ilikatwa. Ilikatwa tena tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, kwa siku kama 20, na sauti ya RFI pia ikazimwa. Kilichotokea ni kilekile cha zamani: barabara ikajaza ukimya.

Lakini Ebola ilitufundisha hatari ya upande wa pili. Ugonjwa ulitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ukaisha Juni 2020, ukiwa umeua watu zaidi ya 2,200. Katikati yake, uchaguzi ukaahirishwa Beni na Butembo. Watu waliokuwa wamechinjwa miaka mingi bila msaada wakasema: ugonjwa huu ni wa siasa. Uvumi ukapita katika simu haraka kuliko dawa, vituo vya matibabu vikachomwa, wauguzi wakauawa. Uvumi ule haukuota hewani. Uliota katika udongo wa miaka ya kutosikilizwa. Mahali ambapo wahudumu walikaa na watu, wakajibu maswali katika lugha yao, kupitia redio za hapohapo na wazee wa hapohapo, ndipo watu walianza kukubali.

Tena kuna tofauti moja ambayo vijana wetu waielewe. Redio ina jina, ina nyumba, ina mkubwa anayeweza kuitwa mahakamani. Ndiyo maana RTLM ilihukumiwa. Sauti inayozunguka katika simu bila jina haina nyumba. Ikisababisha watu kukimbia usiku au kuchoma nyumba ya jirani, atakayeulizwa ni nani? Ni wewe uliyeipitisha.

TUNACHUKUA NINI?

Ninaona mambo matatu katika safari hii. La kwanza, kila mara mlango wa habari ulipofungwa, uvumi uliingia kwa dirisha. La pili, sauti moja peke yake ni hatari hata kama leo inatupendeza. La tatu, habari iliyotusaidia ilikuwa ile iliyojibu swali la mtu mdogo, katika lugha yake, na ikakubali kuulizwa tena.

Kwa hiyo ninapendekeza kwa komite na kwa wanachama: habari yoyote ya usalama isipitishwe katika makundi yetu kabla ya kujua nani ameona, lini, wapi, na kama mtu wa pili wa upande mwingine anasema vilevile. Ikiwa inataja kabila zima kama adui, isipitishwe kabisa, hata kama aliyeituma ni mkubwa wetu au ndugu yetu. Na ikigundulika ni uongo, aliyeipitisha aseme hivyo katika kundi lilelile.

Kwa marafiki wafadhili ninasema hivi kwa heshima: mnapohesabu mabati, mbegu na karo za shule, msiiache redio ya jamii nje ya hesabu. Mafuta ya jenereta, paneli ya jua, nauli ya mwandishi wa kwenda kuona kwa macho kabla ya kusema, ni vitu vidogo. Lakini usiku wa hofu, vitu hivyo vidogo ndivyo vinavyoweza kufanya familia 100 zilale kwao badala ya kukimbilia ziwani na watoto mgongoni.

Mkutano wa mwezi ujao tuanze na jambo hili. Kila mmoja aje na habari moja aliyoipokea katika simu, tuitazame pamoja, tuone imetoka wapi.

Mubaki na amani.